RUDOLF DIESEL, MWENYE ALITENGENEZA MOTERE YA MAZUTU



Katika inchi yetu kamyo karibu zote zinatembea na mazutu. Mashini ya kusaga mihogo vilevile, mashua kubwa za ziwa, na motere ya kutoa umeme. Lakini kila asubuhi mabishano ni yale yale. Shofere mmoja anawasha motere na kuiacha ingurume nusu saa mbele ya kuondoka, sababu anasema motere ya baridi inakufa upesi. Mwingine anawasha na kukanyaga palepale, juu ya bei ya mazutu. Nani ana haki?

Tumeona ni vizuri kutafuta jibu katika maisha ya mtu mwenyewe mwenye alitengeneza motere hiyo. Wengi wanafikiri «diesel» ni jina la mafuta ao la kiwanda. Hapana. Ni jina la mtu, baba wa watoto watatu, mwenye alitumika sana, akasifiwa sana, na akaisha vibaya. Tusikilize habari zake.

UTOTO WAKE

Rudolf Diesel alizaliwa Paris, mji mkubwa wa Ufaransa, tarehe 18 Machi 1858. Lakini wazazi wake walikuwa Wajerumani. Baba yake, Theodor, alikuwa fundi wa kufunga vitabu na kutengeneza vitu vya ngozi. Hawakuwa matajiri. Kijana Rudolf alimsaidia baba kupeleka vitu kwa wenye kuvinunua. Akipata nafasi, alikimbilia nyumba moja yenye mashini za zamani, Conservatoire des Arts et Métiers, akakaa kule kuzitazama na kuzichora.

Mwaka wa 1870 vita ikatokea kati ya Ufaransa na Ujerumani. Wajerumani wa Paris wakafukuzwa. Rudolf alikuwa na miaka 12. Jamaa yote wakakimbilia London, bila kazi na bila feza za kutosha. Wazazi wakaona mtoto hataweza kusoma vizuri kule, wakamtuma Ujerumani, katika mji wa Augsburg, kwa ndugu wa jamaa. Mwenye nyumba, Christoph Barnickel, alikuwa mwalimu wa hesabu. Kwa hiyo Rudolf alikulia mbali na wazazi wake, katika nyumba ya mtu mwingine. Wengi wetu katika intanati tunaelewa jambo hilo bila kuelezwa.

Hakupoteza wakati. Akiwa na miaka 14 tu aliwaandikia wazazi kwamba anataka kuwa enjenia. Alimaliza masomo akiwa wa kwanza. Mwaka wa 1875 akapata msaada wa feza za masomo kwa kuingia katika chuo kikubwa cha ufundi huko Munich. Wazazi hawakupendezwa sana. Wao walitaka aanze kazi ili awasaidie. Lakini yeye aliendelea.

MANENO MAMOJA YA MWALIMU

Huko Munich mwalimu wake mmoja aliitwa Carl von Linde, mtu mwenye anajulikana sana kwa mashini za kutengeneza baridi na barafu. Siku moja Linde alifundisha juu ya mashini ya mvuke, ile ya gari la moshi na ya viwanda vya wakati ule. Alionyesha kwamba mashini hiyo inageuza paka sehemu ndogo ya moto kuwa kazi, karibu 10 kwa 100 ao hata chini ya hapo. Maana yake, ukichoma magunia 100 ya makaa, magunia 90 yanakwenda bure hewani.

Wanafunzi wengine waliandika na kufunga daftari. Diesel yeye aliandika kando ya ukurasa wazo la kutafuta mashini isiyopoteza moto namna hiyo. Wazo hilo halikumwacha tena. Mwaka wa 1879 aligonjwa homa ya matumbo, akakosa ekzame. Hakukata tamaa. Alikwenda kwanza kufanya kazi ya mikono katika kiwanda cha Sulzer huko Winterthur, Uswisi, halafu mwezi wa Januari 1880 akafanya ekzame, akapita kwa alama za juu sana.

Kisha Linde akamwita kwa kazi ya mashini za barafu huko Paris. Mwaka wa 1883 alioa Martha Flasche, na wakazaa watoto watatu: Rudolf, Heddy na Eugen. Mchana alikuwa mtu wa barafu. Usiku alikuwa mtu wa moto, akipiga hesabu za mashini yake.

POMPI YA KINGA

Wazo lake lilikuwa nini? Kila mwanafunzi mwenye alipompa hewa kinga anaweza kulielewa. Ukipompa kwa nguvu, shina la pompi linakuwa moto mpaka linaunguza vidole. Hakuna mtu mwenye aliwasha moto kule. Ni hewa yenyewe inayopata moto kwa sababu imebanwa fasi ndogo.

Diesel alifikiri hivi: tubane hewa katika silinda mara mingi zaidi, mpaka iwe moto sana. Halafu, wakati ule ule, tutie mafuta kidogo kwa tundu ndogo. Mafuta yatawaka yenyewe. Hakuna haja ya kibiriti, hakuna haja ya buji ya kutoa cheche sawa vile katika motere ya esanse. Katika motere za leo, pistoni inabana hewa mpaka sehemu moja ya 15 ao ya 20 ya ukubwa wake wa kwanza, na hewa inapita digri 500.

Mwaka wa 1892 aliomba hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake, na mwaka wa 1893 alipewa. Mwaka huo huo alitoa kitabu cha kueleza wazo lake. Mabwana wa kiwanda cha mashini cha Augsburg na wa kampuni ya Krupp wakakubali kutoa feza za kujaribu.

MIAKA 4 YA KUJARIBU

Tarehe 10 Agosti 1893, huko Augsburg, walijaribu motere ya kwanza. Ilikuwa ya chuma, ndefu karibu metre 3. Ilizungushwa kwa mkanda kutoka mashini nyingine, sababu haikuweza kujizungusha. Walipotia mafuta, yaliwaka kwa kishindo, na chombo cha kupimia nguvu kikapasuka na vipande vyake vikaruka. Diesel na wasaidizi wake wangeweza kufa. Lakini alifurahi: wazo lilikuwa la kweli, mafuta yaliwaka yenyewe.

Akaitengeneza tena. Tarehe 17 Februari 1894 motere ilijizungusha yenyewe mara ya kwanza. Ilitembea dakika moja tu, mizunguko 88. Inasimuliwa kwamba fundi mmoja aliona mkanda haivuti motere tena, bali motere njo inavuta mkanda. Hakusema neno, akavua kofia yake.

Walitumika miaka mitatu tena. Mwezi wa Februari 1897 mwalimu mmoja wa Munich, Moritz Schröter, alipima motere mbele ya watu. Iligeuza moto kuwa kazi kwa 26 na kitu kwa 100. Ilipita mashini ya mvuke zaidi ya mara mbili. Jina la Diesel likaenea Ulaya na Marekani.

SASA, JE, TUPASHE MOTO MOTERE?

Hapa tunaweza kujibu swali letu, sababu sasa tunajua motere hii inapata moto wake wapi: ndani yake yenyewe, kwa kubana.

Asubuhi, motere ikiwa baridi, kuta za silinda zinaiba moto wa hewa iliyobanwa. Hewa haifiki digri za kutosha, mafuta hayawaki vizuri, na tunaona moshi mweupe nyuma ya gari. Wanafunzi wenye wanatoka upande wa Lubero, fasi yenye baridi ya milima, wameona namna inavyokuwa. Kwa sababu hiyo magari mengi madogo ya mazutu yana buji za kupasha moto. Hizo hazitoi cheche. Zinawekwa nyekundu kama kaa la moto ili kusaidia silinda. Shofere anageuza ufunguo, anangoja ile taa ndogo ya alama ya waya uliojiviringa izime, halafu anawasha. Mwenye haraka ambaye hangoji anachosha batri bure.

Jambo la pili ni mafuta ya kulainisha, yale ya kartere. Usiku kucha yameshuka chini. Asubuhi ni mazito. Yanahitaji nusu dakika ao dakika moja kupanda mpaka juu na kufunika vyuma vyote. Ukikanyaga kwa nguvu mbele ya hapo, chuma kinasugua chuma. Kwa hiyo yule shofere wa pili, mwenye anaondoka palepale na motere inalia, anaharibu mali ya bwana wake.

Lakini shofere wa kwanza naye hana haki. Motere yenye inanguruma fasi moja bila kazi haipate moto upesi. Inabaki vuguvugu. Mafuta mengine hayawaki yote. Yanashuka kwenye kuta za silinda, yanaosha mafuta ya kulainisha, yanaingia katika kartere na kuyafanya mepesi. Masizi yanajaa kwenye tundu za kutilia mafuta. Tena, kamyo kubwa inaweza kula karibu litre 3 za mazutu kwa saa moja bila kusogea hata metre moja.

Njia nzuri ni hii. Washa. Ngoja taa ya mafuta izime na motere itulie, dakika moja hivi. Kama ni kamyo yenye freni za hewa, ngoja mpaka kipimo kionyeshe hewa imetosha. Hapo hakuna mashindano, ni maisha ya watu. Halafu ondoka polepole, bila kuilazimisha motere, na bila kupanda mlima kwa mbio katika kilometre za kwanza. Motere inapata moto kwa kazi nyepesi, si kwa kukaa. Ikisha kupata moto sawasawa, mpe mzigo wake wote.

Na neno moja la afya: motere isinguruume ndani ya garaji iliyofungwa. Moshi wake unaweza kuua. Mwaka wa 2012 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa motere ya mazutu unaleta kansa.

HARAKA YA KUUZA

Sasa tuendelee na maisha yake. Hapa tunaona jambo la ajabu: kile ambacho motere inakataa, mwenyewe alikifanya.

Kisha majaribio ya 1897, kila mtu alitaka motere ya Diesel. Adolphus Busch, tajiri mwenye kiwanda cha pombe huko Marekani, alinunua haki ya kuitengeneza kule. Mwaka wa 1898 kampuni moja iliundwa na kununua haki zote za Diesel kwa marki milioni 3 na nusu. Kijana mwenye alifukuzwa Paris bila kitu akawa tajiri akiwa na miaka 40.

Lakini motere yenyewe ilikuwa bado mtoto. Katika chumba cha majaribio, mbele ya mafundi wakubwa, ilitembea vizuri. Katika viwanda, mikononi mwa watu wa kawaida, ilisimama-simama. Moja ya kwanza ilipelekwa mwaka wa 1898 katika kiwanda cha vibiriti cha Kempten. Ona: motere isiyohitaji kibiriti inatumika kwa kutengeneza vibiriti! Nayo ilileta taabu, na mafundi wa Augsburg walipaswa kwenda kuitengeneza mara kwa mara. Wanunuzi wengine walirudisha motere zao. Watu wenye wivu wakaanza kumcheka, na wengine wakamshitaki kwamba wazo si lake.

Ilikuwa sawa na kupakia kamyo tani zote na kupanda mlima wakati motere ingali baridi. Diesel mwenyewe alianguka kwa uchovu. Mwaka wa 1898 kichwa kilimuuma, usingizi ulikwisha, akaingizwa katika nyumba ya wagonjwa kupumzika. Wakati huo mafundi wa Augsburg, hasa mmoja aitwaye Imanuel Lauster, walikaa na motere, wakarekebisha kipande kimoja-kimoja, mwaka kwa mwaka. Wao njo waliifanya iwe imara. Majina yao hayakuandikwa juu ya motere.

KARANGA NA MAWESE

Kuna jambo moja lenye linatugusa sisi Waafrika. Mwaka wa 1900 kulikuwa na maonyesho makubwa huko Paris. Motere ndogo moja ya diesel, iliyoletwa na kampuni ya Otto, ilitembea pale kwa mafuta ya karanga, na watu wengi waliopita hawakutambua. Serikali ya Ufaransa ilikuwa imetaka kujua kama makoloni yake ya Afrika yanaweza kupata nguvu kutoka mimea yao wenyewe. Baadaye, mwaka wa 1912, Diesel alieleza watu kwamba mafuta ya mimea yanaonekana kuwa kitu kidogo, lakini siku moja yanaweza kuwa na maana kubwa.

Hakukosea. Mwaka wa 1937 mwalimu mmoja wa chuo kikubwa cha Bruxelles, jina lake Chavanne, alipata hati ya kulinda njia yake ya kugeuza mafuta ya mawese kwa alkoli ili yafae motere. Mwaka wa 1938 bisi moja ya abiria ilitembea kwa mafuta hayo kati ya Bruxelles na Louvain, na mawese yaliyofikiriwa katika kazi hiyo ni ya Congo yetu, wakati wa Wabelgiji. Kwa nini kuyageuza? Kila mama jikoni anajua: mawese yakipoa yanaganda. Ukiyatia hivi hivi katika motere ya leo asubuhi ya baridi, yataziba tundu.

MWISHO WAKE

Motere iliendelea kukua. Mwaka wa 1912 meli kubwa ya Denmark, Selandia, ilisafiri mpaka Bangkok huko Asia kwa motere za diesel, bila mvuke. Lakini Diesel hakuiona motere yake ndani ya gari dogo la kuuzwa. Hilo lilitokea 1936, na Mercedes-Benz 260 D.

Kwa inje alikuwa mtu mkubwa. Alijenga nyumba ya fahari huko Munich. Aliitwa kila fasi kufundisha. Lakini kwa ndani mambo yaliharibika. Feza zake aliziweka katika kununua mashamba na katika biashara nyingine, nazo zikapotea. Madeni yakapanda. Alificha hali hiyo, hata kwa jamaa yake.

Tarehe 29 Septemba 1913, jioni, alipanda meli Dresden huko Antwerpen, Ubelgiji, kwenda Uingereza. Alikula na marafiki wawili, wakazungumza vizuri, wakaagana. Alikuwa ameomba waje kumwamsha asubuhi saa kumi na mbili na robo. Walipokuja, hakuwamo. Kitanda hakikulaliwa. Siku chache kisha, watu wa mashua moja ya Uholanzi walipata maiti baharini; walitwaa vitu vidogo vya mfukoni, na mwana wake Eugen akavitambua kuwa vya baba yake. Alikuwa na miaka 55.

Kwa hakika hakuna mwenye aliona. Wengine wamesema aliuawa, lakini hawakuleta ushuhuda. Wengi wenye kuchunguza wanafikiri alijitoa maisha mwenyewe juu ya madeni. Katika kitabu chake cha tarehe, ile siku ilikuwa imewekwa alama ya msalaba. Na mke wake alikuta feza katika mfuko mwenye Diesel alimwachia.

FUNDISHO KWETU

Ndugu na dada, hatuandiki habari hii kwa kumhukumu. Hukumu ni ya Mungu. Lakini tunaona mafundisho mawili.

La kwanza ni kwa masomo na kazi. Kuna mwanafunzi mwenye anakaa mwaka wote akijitayarisha kuanza. Anapanga madaftari, anangoja roho ya kusoma imjie. Huyo ni motere yenye kunguruma fasi moja. Mwingine anaamka usiku wa mwisho mbele ya ekzame na kutaka kubeba kitabu chote. Huyo ni kamyo ya baridi juu ya mlima. Tuanze mapema, kwa kazi nyepesi ya kila siku, nayo kazi yenyewe itatupasha moto.

La pili ni zito zaidi. Diesel alijua kuliko watu wote kwamba nguvu zikibanwa fasi moja zinawaka. Lakini taabu zake mwenyewe alizibana moyoni, bila tundu ya kutokea. Kati yetu kuna wenye madeni ya minervali, wenye kuogopa kurudi nyumbani na bulletin mbaya, wenye aibu isiyojulikana. Usinyamaze peke yako. Mwendee mwenzako wa chumba, mwalimu, mchungaji, ao mama yako. Deni lenye kusemwa ni deni tu. Wazazi wanaweza kulipanga, na shule inaweza kungoja. Na sisi wenye tunaona rafiki anacheka mezani sawa Diesel jioni ile, tujifunze kumuuliza mara ya pili kama kweli yuko muzima.